Sukari, Sifuri na Gunia
Katika soko la Chwele, huko Kabuchai, ambako mwenye duka huchota sukari guniani na kuifunga kwa karatasi, aghalabu husikika vijana waliosoma wakidai kwamba maneno kama haya tumeyaazima kwa Waingereza, kwa kuwa yafanana na yao. Na dai hilo, ijapokuwa halitoki katika nia mbaya, ni batili, nalo lanisikitisha. Neno lao “sugar” liliwafikia kupitia Kifaransa cha kale, na asili yake ni “sukkar” la Kiarabu, lililotoka kwa Waajemi, nao walilipata Bara Hindi, ambako kwa Kisanskriti, “sharkara”, lilikuwa na maana ya changarawe. Na yeyote aliyezisugua chembe za sukari baina ya vidole viwili atakiri kwamba jina hilo liliistahiki. “Gunny” yao na gunia letu, vivyo hivyo, ni za Bara Hindi. “Coffee” yao, iliyopita Uturuki na Uholanzi, ni “qahwa” ile ile tuliyoiita kahawa, ipandwayo leo miteremkoni mwa Mlima Elgon. Na “zero”, iliyopita Italia, ni “sifr” ya Waarabu, yaani utupu, ambayo kwetu ni sifuri. Basi nawasihi walimu wa Bungoma na Kitale waweke mezani kamusi za lugha zote mbili, na wawafunze wanafunzi kuzisoma pamoja, ili wasikione Kiswahili kuwa mdeni wa Kiingereza mahali ambapo hakina deni.