Kabla ya kumwita mtoro

Barua ya wazi kwa Ofisi ya Afya ya Wilaya, Nchelenge, Zambia

Waheshimiwa,

Nawaandikia juu ya wazazi wanaokosa tarehe za kliniki ya viungo, hasa wenye watoto waliozaliwa na mguu kifundo.

Tiba yenyewe mnaijua kuliko mimi. Unyayo hunyooshwa kidogo kidogo, plasta ikibadilishwa kila wiki kwa wiki tano hadi nane. Kisha vinakuja viatu vilivyounganishwa kwa chuma, saa 23 kwa siku kwa miezi mitatu, halafu usiku tu, hadi mtoto afikishe kama miaka minne. Ukikatisha katikati, mguu unarudi ulikotoka. Hasira ya mhudumu naielewa.

Lakini mtazameni na mama. Plasta inaanzia vidoleni hadi pajani, goti limekunjwa. Mtoto hakai vizuri mgongoni na kitenge hakifungiki. Mvua ya Januari ikimkuta njiani, plasta inalowa na kulegea, naye anafika kuambiwa hakuitunza. Januari hiyohiyo uvuvi umefungwa Ziwa Mweru, toka Desemba mosi hadi mwisho wa Februari, na nauli iliyokuwa ikitoka kwenye samaki haipo.

Kwa wakimbizi kuna zaidi. Waliovuka kutoka mikoa ya Haut-Katanga na Tanganyika, Kongo, mwaka 2017 walipokelewa kituo cha Kenani, na kuanzia 2018 wakahamishiwa makazi ya Mantapala. Mkimbizi hatoki makazini bila karatasi ya ruhusa. Tarehe ya karatasi na tarehe ya kliniki zisipolingana, anayebebeshwa kosa ni mama.

Naomba basi, kabla ya kuandika tarehe, aulizwe: siku hiyo kuna mgao wa misaada? Ndugu zake mtoto wanabaki na nani? Aulizwe kwa Kiswahili, maana akiulizwa kwa Kibemba asichokijua ataitikia kwa kichwa tu (nani anataka kuonekana mjinga mbele ya daktari?). Kwenye daftari, pembeni ya “hakuja”, iandikwe na sababu.

La mwisho ndilo kubwa. Siku moja kwa wiki, anayefunga plasta aende Mantapala mwenyewe. Roli za plasta, pamba na ndoo vinabebeka kwenye pikipiki moja. Mtoto mwenye plasta miguu yote miwili habebeki hivyo. Mvua zinaanza Novemba. Ratiba ya kwanza ibandikwe kabla ya hapo.

Wenu,
Mkazi wa Kenani