Nyota Mmoja Hafanyi Timu

Wahenga walisema kidole kimoja hakivunji chawa. Msemo huu unatuhusu sana sisi wanamichezo.

Nyote mmesikia habari za Angella Okutoyi. Dada huyu alilelewa na nyanya yake hapa Nairobi, na mwaka wa 2022 alishinda taji la Wimbledon la wasichana wawili wawili. Hakushinda peke yake. Alicheza na Rose Marie Nijkamp wa Uholanzi. Kwenye fainali Wakanada waliwachapa seti ya kwanza 3-6, wakarudi 6-4, na ile ya kuamua wakaponea 11-9. Hebu fikirieni, kama mmoja angemnunia mwenzake baada ya seti ya kwanza, kikombe kingekuja kweli?

Baadaye Okutoyi alijiunga na Chuo Kikuu cha Auburn, Marekani. Wengi hudhani tenisi ni mchezo wa mtu binafsi. Sivyo. Vyuo vya huko hushindana kama timu. Kuna mechi 6 za mtu mmoja mmoja, kila mechi pointi 1. Halafu kuna mechi 3 za wawili wawili, na chuo kinachoshinda 2 kati ya hizo hupata pointi 1. Jumla ni 7, na anayefikisha 4 ndiye mshindi. Sasa piga hesabu. Mchezaji hodari, hata asiposhindwa kamwe, huleta pointi yake 1 na kusaidia kupata ile ya wawili wawili. Zinazobaki zitatoka kwa nani? Si kwa wale ambao majina yao hatuyajui!

Basi nyota ana faida gani? Faida yake iko mazoezini. Ukizoea kupokea mipira yake mikali kila siku, mgeni hatakutisha.

Sisi hapa Kinoo shule yetu haina uwanja wa tenisi, lakini tuna voliboli na ugonjwa ni ule ule. Mpigaji wetu bora huja mazoezini akipenda, na hakuna anayemwuliza. Siku ya mechi kila mpira ni wake. Mwaka jana aliteguka mguu tukiwa tunaongoza, nasi tukabaki kutazamana kama kuku wageni. Tulifungwa. Simlaumu yeye. Mimi mwenyewe wiki nzima nilikuwa nimekaa chini ya mti nikisema, "Kwani yeye hayuko?"

Maoni yangu ni haya: nyota awe wa kwanza kufika uwanjani, na asiyekuja mazoezini akae benchi, awe nani awe nani. Wengine watasema sisi ni wa kutwa, jioni lazima turudi nyumbani. Nusu saa yatosha. Pengine tutapoteza mechi moja mbili. Afadhali hivyo kuliko timu nzima kuning'inia kwenye mguu wa mtu mmoja.