Faiba hufuata ramani, na ramani mbovu hupotosha

Serikali iliyoingia madarakani mwaka wa 2022 iliahidi kutandaza kilomita 100,000 za nyaya za faiba kote nchini. Wakazi wa Migori na Homa Bay wameisikia ahadi hiyo, na wengi huuliza fedha zitatoka wapi na mitaro itachimbwa lini. Mimi naona kuna swali linalotangulia hayo yote: je, ramani itakayowaongoza wachimbaji inasema kweli?

Siku hizi njia ya faiba haipangwi kwa kalamu na karatasi. Mhandisi hukusanya orodha za barabara, nguzo, shule, zahanati na nyumba, akaziingiza katika programu ya kompyuta inayokadiria urefu wa waya na gharama, na kuonyesha nani atakayefikiwa. Programu hiyo ni tiifu mno. Ikilishwa upotovu, itatoa mpango wa kupendeza uliojaa upotovu.

Na upotovu huanza kwa vitu vidogo. Kaunti hizi mbili ziko kusini mwa ikweta, hivyo latitudo zake huandikwa kwa alama ya kutoa. Karani akiiacha alama hiyo, mji wa Homa Bay, ulio kama digrii 0.53 kusini, huhamia karibu na Bungoma, nao mji wa Migori hupanda Mlima Elgon. Akibadilishana nafasi ya latitudo na longitudo, Homa Bay huangukia Algeria. Makosa ya aina hii yana heri, kwani hujifichua yenyewe.

La kuogofya ni kosa lisiloonekana. Ramani nyingi za zamani za nchi yetu zilichorwa kwa msingi wa vipimo uitwao Arc 1960, ilhali simu na vifaa vya setilaiti hutumia WGS 84. Vipimo vya misingi hii miwili vikichanganywa bila kusahihishwa, mahali pale pale huhitilafiana kwa takriban mita 300. Kwenye ramani ya ukutani hilo si kitu. Lakini katika barabara kuu itokayo Rongo kupitia Awendo na Migori hadi Isebania, waya uliozikwa kando ya lami utaonekana umepita katikati ya shamba la miwa. Mkandarasi wa barabara akija na tingatinga, ataukata waya ambao ramani ilimhakikishia kuwa uko mbali.

Jambo la tatu ni hesabu ya nyumba. Mwaka wa 2021 kampuni ya Google ilitoa bure takwimu za majengo ya Afrika, zilizotambuliwa na kompyuta katika picha za setilaiti. Ni msaada mkubwa, lakini setilaiti huona paa, haioni jamaa. Katika dala moja ya Wajaluo huenda pakawa na nyumba za wake wenza, simba za vijana, jiko na ghala. Programu isiyoelezwa hayo itahesabu wateja sita penye boma moja. Shule nayo, yenye mamia ya wanafunzi, hugeuka mapaa matatu yasiyo na jina, na mahitaji yake yakalinganishwa na ya nyumba tatu.

Hapo ndipo mwalimu anapoguswa. Watahiniwa wa mitihani ya taifa huandikishwa kwa mtandao, na mwalimu mkuu asiye na mtandao hana budi kufunga safari hadi mjini. Shule isiyokuwamo katika faili haimo katika mpango, na isiyokuwamo katika mpango haitafikiwa.

Napendekeza mambo mawili. Kwanza, kila kaunti ichapishe orodha ya shule na zahanati zilizomo katika mpango, wadi kwa wadi, katika wadi 40 za Migori na 40 za Homa Bay. Ibara ya 35 ya Katiba inampa raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Pili, walimu wa jiografia wawapeleke wanafunzi langoni mwa shule zao, wasome namba za mahali kwa simu, kisha wazilinganishe na orodha hiyo. Hilo ni somo la ramani kuliko lolote la ubaoni.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari la faiba ni ramani. Na tulikague sasa, kabla mitaro haijachimbwa.