Neno la Mhariri: Dari ya Greenwich na Utetezi wa Ufalme

Toleo hili linahusu uchoraji wa istiara, yaani ule unaozipa dhana kama amani, uhuru na udhalimu miili ya watu na miungu, na linapinga dai lililozoeleka mno kwamba michoro hiyo katika karne ya 18 ilikuwa mapambo ya kuwasifu wafalme basi. Dai hilo halisimami mbele ya dari ya Greenwich, karibu na London, ambayo James Thornhill aliichora, pamoja na kuta za ukumbi wake, kati ya 1707 na 1726, katika makao ya mabaharia wazee yaliyoasisiwa 1694.

Katikati ya dari hiyo wameketi William III na mkewe Mary. Mfalme anapokea tawi la mzeituni kutoka kwa Amani na kuikabidhi Ulaya kofia ya uhuru, huku amekanyaga umbo la Utawala wa Mabavu, ambalo hutambuliwa kuwa ni Louis XIV wa Ufaransa. Ikumbukwe kwamba William alitwaa kiti cha enzi baada ya baba mkwe wake, James II, kuikimbia nchi mwaka 1688, na wapo waliohesabu jambo hilo kuwa ni unyang'anyi. Mchoro, basi, uliitetea haki iliyokuwa bado inabishaniwa, na uliitetea kwa werevu mkubwa, kwa kuwa uliutoa mgogoro Bungeni na kuupandisha mbinguni, ambako hapana mpinzani wa kujibu.

Ufadhili wenyewe ulikuwa na hesabu kali: Thornhill alilipwa pauni 3 kwa kila yadi ya mraba ya dari na pauni 1 kwa ya ukuta, na kwa kuwa kazi ilivuka enzi zaidi ya moja, ukuta wa magharibi uliishia kubeba familia ya George I, mtawala ambaye alikuwa bado hajakalia kiti cha enzi kazi ilipoanza.

Ukumbi ulipokamilika ulionekana wa fahari mno kwa mabaharia kulia chakula, nao wakawa wanakula katika chumba kilicho chini yake. Thornhill alitunga kijitabu cha kuufafanua mchoro, na mabaharia hao hao wakawa wanawatembeza wageni kwa malipo. Kwa hiyo tafsiri ya istiara hiyo nayo ilitoka kwa watu waliokula mkate wa mfalme, na ndiyo maana makala zinazofuata zinawachunguza wafasiri kwa makini yale yale yanayoelekezwa kwa wachoraji.