Jina la Babu na Herufi za Karani

Hamu ya kuchimbua nasaba imeenea miongoni mwa vijana wetu wa vyuo, na hata wa shule za upili. Mwanafunzi huketi mbele ya tarakilishi, akaandika jina la babu yake, na asipopata lolote akakata shauri kwamba babu hakuacha alama yoyote duniani. Uamuzi huo ni wa haraka mno. Aghalabu babu yumo. Kisichomo ni jina lake kama mjukuu anavyoliandika leo.

Kosa la kwanza ni kufuata miongozo iliyotungwa kwa ajili ya watu wengine. Mwingereza huambiwa aanze na cheti chake cha kuzaliwa, apande hadi cha babaye, kisha cha babuye, na kwa kuwa Uingereza ilianza kusajili vizazi na vifo mwaka 1837, ngazi hiyo humfikisha mbali. Huku kwetu ngazi hukatika upesi. Serikali ya kikoloni iliwasajili kwanza Wazungu, kisha Wahindi. Kwa Waafrika walio wengi, usajili ulikuja wilaya baada ya wilaya katika miaka ya sitini, na haukuenea nchini kote hadi mwaka 1971. Kumtafutia cheti cha kuzaliwa mzee aliyezaliwa wakati wa njaa fulani, au aliyetahiriwa pamoja na rika fulani, ni kutwanga maji kinuni.

Hazina ya Mkenya wa kawaida iko penginepo: katika kurasa za matangazo ya mirathi za Gazeti Rasmi la Serikali. Gazeti hilo lilianza kuchapishwa Mombasa mwaka 1899, na matoleo yake mengi, ya kale na ya karibuni, yamekwisha kuwekwa mtandaoni. Chini ya Sheria ya Urithi, iliyoanza kutumika tarehe 1 Julai 1981, ombi la kusimamia mali ya marehemu hutangazwa ili mwenye pingamizi ajitokeze, kwa kawaida katika muda wa siku 30. Tangazo lenyewe ni fupi, tena kavu: jina la marehemu, alikoishi, siku na mahali alipofia, majina ya waombaji na uhusiano wao naye, mahakama na nambari ya kesi.

Nambari hiyo ndiyo ufunguo. Kifungu cha 51 cha sheria humtaka mwombaji, ikiwa marehemu hakuacha wasia, ataje wenzi wa ndoa walio hai, watoto, wazazi, ndugu wa kiume na wa kike, na hata watoto wa mwana aliyekwisha kufa. Hebu fikiri, msomaji: ukoo wa vizazi vitatu au vinne, umelala katika jalada moja la mahakama! Wapo, ni kweli, wanaoficha mabinti walioolewa au mke wa pili. Kifungu cha 76 huiruhusu mahakama kuifuta hati iliyopatikana kwa kuficha ukweli, na hukumu za ugomvi wa namna hiyo, nyingi zikiwa mtandaoni, hutueleza habari za ukoo ambazo hakuna tangazo lingethubutu kuzitaja.

Ila tangazo sharti lipatikane kwanza, na hapo ndipo isimu inapoingia. Mashine haijui jina, yajua herufi. Lugha ya Kikuyu ina irabu saba, ilhali taipu ya karani ilikuwa na tano. Irabu mbili zikapoteza alama zake, na sauti ile ile huku ikaandikwa kwa i na kule kwa e. Ng'ang'a akawa Nganga, na kwa tarakilishi hao ni watu wawili wasiojuana. Jina moja la Pwani utalikuta likiwa Mohamed, Mohammed na Muhamad, na bin ya katikati huenda ilidondoka njiani. Kijana wa Kikalenjini aliyeitwa Kiprono utotoni aweza kuandikwa ukubwani kwa jina la babaye likitanguliwa na arap, Kiprono asionekane popote. Nako kwa Wakikuyu mwana wa kwanza hurithi jina la babu mzaa baba, hata Kamau wa Njoroge akamzaa Njoroge wa Kamau, naye akamzaa Kamau wa Njoroge mwingine. Tarehe ya kifo isipoangaliwa, mjukuu humzika babu mara mbili. Kwa Wajaluo, Otieno ni aliyezaliwa usiku. Jina hilo halitoshi kumtambulisha ukoo wake.

Majina ya mahali nayo hayakutulia. Anayetafuta Murang'a katika matoleo ya miaka ya arobaini ataambulia patupu, kwa kuwa wilaya hiyo iliandikwa Fort Hall.

Tusiipambe karatasi kupita kiasi, hata hivyo. Mirathi hufuata mali. Mwanamke aliyelima shamba lililosajiliwa kwa jina la mumewe, kisha akafa bila hatimiliki, hakuombewa hati yoyote na hakutangazwa. Kibarua wa mashamba ya walowezi vivyo hivyo. Waislamu nao, tangu marekebisho ya mwaka 1990, mirathi yao hufuata sheria ya Kiislamu, na anayewatafuta hana budi kubisha hodi pia kwenye mahakama za makadhi.

Kwa sababu hiyo nawasihi walimu wa historia na wa Kiswahili wasiwapeleke wanafunzi kwenye tarakilishi kabla hawajawapeleka kwa nyanya zao. Mwanafunzi aende na daftari. Aulize jina la kuzaliwa, la utani, la ubatizo, la baada ya jando, na jina la kijiji kama lilivyotamkwa zamani. Aandike matamshi kama ayasikiavyo, bila kuyasahihisha. Kisha aorodheshe kila namna ambavyo karani asiyejua lugha hiyo angeweza kuyaandika. Kwa jina kama Mũthoni, namna hizo hazipungui nne. Orodha hiyo ndiyo ya kutafutia katika Gazeti. Na majina ya akina nyanya wenyewe yaandikwe ukurasa wa kwanza, maana mengi hayatapatikana kwingine.