Mzazi Hafungwi, Husitiriwa

Samaki wa matangi ya vioo wana raha yao, nami sina neno na mtu aliyeweka tangi sebuleni. Neno langu ni juu ya namna tunavyowatendea majike wanapokaribia kuzaa, na ushahidi wangu waanzia nyumbani kwangu mwenyewe, hapa Mombasa.

Nilimnunulia mwanangu gapi watatu, dume mmoja na majike wawili. Samaki wengi hutaga mayai, lakini gapi, na jamaa zake moli na plati, huzaa watoto walio hai. Asili ya gapi ni kaskazini mwa Amerika ya Kusini na Trinidad. Jina lake latokana na Robert John Lechmere Guppy, aliyewapeleka samaki hao London kutoka Trinidad katika miaka ya 1860.

Basi jike mmoja alipovimba tumbo, mwanangu akasema, "Baba, huyu atazaa leo! Tumtenge asije akawala watoto." Nikamtia katika kile kikasha cha plastiki kiuzwacho madukani. Hakuzaa siku ya kwanza, wala ya pili, wala ya tano. Chakula hakukigusa, kazi yake ikawa kujigonga ukutani. Siku ya sita tulimkuta amekufa, na watoto wake tumboni.

Shangazi yangu, ambaye alikuwa mkunga, alimtazama kisha akaniambia, "Mwanangu, mzazi hafungwi, husitiriwa. Nani aliyekwambia siku zake zimefika?" Sikuwa na jibu.

Jibu nililipata kwa kumtazama yule jike wa pili. Mimba ya gapi huchukua wiki nne hivi, na tumbo kubwa peke yake si dalili ya kutosha, maana hata shibe huvimbisha. Nyuma ya tumbo, karibu na tundu la haja, kuna doa. Mimba ikua, doa hilo hupanuka na kukoza weusi. Siku za mwisho, kwa jike mwenye rangi nyepesi, waweza kuona hata vijidoa vya macho ya watoto. Tumbo nalo huacha umviringo, likawa na pembe kama sanduku. Kisha mwenyewe hujitenga pembeni, hukataa chakula, na pumzi humwenda mbio. Hapo ndipo saa zake zimekaribia.

Tena, jike huweza kuhifadhi mbegu za dume mwilini kwa miezi kadhaa. Dume wetu alipokufa, jike aliendelea kuzaa, na watoto wa jirani wakadhani ni muujiza. Kwa hiyo, afugaye na aandike tarehe ya kila uzazi kwenye kalenda. Baada ya wiki tatu aanze kutazama doa.

Najua nitakayoambiwa: mama huwala watoto wake. Ni kweli, huwala, na wenziwe pia huwala. Lakini dawa yake si kifungo. Jaza mimea ya majini pembe moja ya tangi, ya chini na ya kuelea. Watoto wa gapi huzaliwa wakijua kuogelea, na wakipata kichaka hujificha. Mlishe mama vizuri, na usimwache na madume wengi wa kumfukuza mchana kutwa. Aliyeshika kikasha kwa lazima, basi amtie dalili zote zikitimia, na amtoe mara amalizapo.

Jike wa pili alizaa alfajiri, katikati ya majani. Tulihesabu watoto 19. Huenda wengine waliliwa, sikatai. Lakini mama alikuwa hai, na mwezi uliofuata alizaa tena. Kiumbe uliyemnunua kwa pesa zako hana ulimi wa kukulalamikia. Ni wajibu wako kujifunza dalili zake kabla hujanyoosha mkono.