Samaki, Kichwa na Karani wa Tanga

Katika ofisi za umma, shule na hata vyama vya ushirika vya pwani ya kaskazini ya Tanzania imezoeleka kauli kwamba taasisi haibadiliki mpaka mkubwa wake abadilike kwanza, na kauli hiyo, ambayo hivi karibuni ilirudiwa tena mjini Muheza na mtoa mada wa semina elekezi mbele ya watumishi walioitikia kwa vichwa huku wakingoja posho, hupambwa kila mara kwa methali isemayo kuwa samaki huanza kuoza kichwani. Ni kauli inayowapendeza wote, maana mkubwa huisikia akajiona kuwa pasipo yeye hakuna jua, na mdogo huisikia akapata udhuru wa kudumu wa kutofanya lolote. Kwa ufupi, ni uvivu uliovalishwa methali.

Inashangaza zaidi kwamba methali hiyo hutamkwa bila haya kwa watu wanaokula samaki kila wiki. Mchuuzi anayenunua samaki pale Deep Sea, Tanga, ili awafikishe Muheza kabla jua halijakaza, hashughuliki kukata kichwa. Hupasua tumbo na kutoa matumbo, kwa sababu anajua kwamba uozo hutangulia huko, na mnunuzi naye humfunua samaki matamvua kuona kama bado ni mekundu, kisha hukipeleka kichwa nyumbani kukipikia mchuzi. Mtoa mada aliyezoea kuletewa samaki akiwa sahanini hawezi kulaumiwa kwa kutolijua hilo, ila hapaswi kulipwa kwa kulifundisha.

Kabla ya kuendelea ni vyema istilahi ziwekwe wazi. Mabadiliko ya taasisi, katika makala haya, ni kugeuka kwa namna ambavyo watu wa chombo kimoja wanafanya kazi yao ya kila siku, yaani nani anahudumiwa kwanza, barua inakaa siku ngapi, nani anahesabiwa kuwa anaweza kazi gani. Si nembo mpya, wala si bango la dira na dhima lililotundikwa juu ya mlango wa choo. Mamlaka ya juu ni haki ya kutoa amri na kutia saini ya mwisho. Kosa la wahubiri wa kichwa cha samaki ni kudhani kwamba anayetia saini ndiye aliyeyafikiri yale anayoyatilia saini.

Tanga ndiyo sehemu ya mwisho ambako kosa hilo lingestahili kufanywa, kwa kuwa mfano ulio kinyume chake ulitokea hapo hapo, na aliyeutoa alikuwa Mbondei, mwana wa Bonde, nchi ambayo sehemu yake kubwa leo imo wilayani Muheza. Martin Kayamba alizaliwa Mbweni, Unguja, mwaka 1891, akasoma shule ya misheni ya Kiungani, akafungwa na Wajerumani wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, na baada ya Waingereza kuitwaa nchi akawa mtumishi katika ofisi ya utawala ya Tanga. Juu yake alikuwapo Bwana Shauri, jina ambalo watu walimpa ofisa wa Kiingereza aliyetawala wilaya. Juu ya Bwana Shauri alikuwapo gavana. Na juu ya gavana ilikuwapo London. Hakuna hata mmoja kati yao aliyemwagiza Kayamba aanzishe jambo lolote. Hata hivyo mwaka 1922, hapo hapo Tanga, aliwakusanya makarani wenzake na wakaunda chama cha watumishi Waafrika wa serikali ya Tanganyika, kile ambacho wanafunzi hukikariri kwa herufi TTACSA ili wafaulu mtihani, kisha hukisahau siku ya pili yake.

Ukitazamwa kwa karibu, ukubwa wa chama hicho ulikuwa katika udogo wa mambo yake. Kilikuwa chama cha kukutana, kusoma magazeti, kujiendeleza baada ya saa za kazi na kucheza mpira, na ndani yake Waislamu na Wakristo walikaa benchi moja kwa sababu walichokishiriki kilikuwa kazi, si madhehebu wala kabila. Karani aliyetoka katika mkutano wa namna hiyo akarudi asubuhi kwenye meza yake alikuwa mtumishi wa aina nyingine, na ofisi iliyojaa watumishi wa aina hiyo imekwisha kubadilika hata kama Bwana Shauri bado amelala. Mwaka 1923 Kayamba akawa karani mkuu wa ofisi ya wilaya ya Tanga. Mwaka 1931 alikwenda London pamoja na Chifu Makwaia na Francis Lwamugira kutoa ushahidi mbele ya kamati ya Bunge la Uingereza iliyochunguza mpango wa kuziunganisha Kenya, Uganda na Tanganyika, mpango ambao hatimaye uliwekwa kando.

Kilichofuata kinajulikana, ila hakisomwi kwa jicho linalostahili. African Association iliundwa Dar es Salaam mwaka 1929, na rais wake wa kwanza, Cecil Matola, alikuwa mwalimu. Mwaka 1953, chama hicho kikiwa kimekwisha kuitwa Tanganyika African Association (TAA), kilimchagua Julius Nyerere kuwa rais wake, naye alikuwa mwalimu wa Pugu. Na tarehe 7 Julai 1954 kikageuka kuwa chama cha TANU. Karani, mwalimu, mwalimu: yuko wapi mkubwa katika orodha hiyo? Serikali ya kikoloni yenyewe iliielewa hesabu hii kuliko watoa mada wa leo, ndiyo maana iliwakataza watumishi wake kujiunga na TANU. Marufuku hiyo haikumlenga gavana. Mshairi Shaaban Robert naye, aliyekaa katika ukarani wa forodha tangu 1926 hadi 1944, hakusubiri cheo cha ukurugenzi wa lugha ili aitengeneze lugha ambayo wakurugenzi wanaitumia kutoa hotuba ndefu.

Anayetaka kujua jambo hili linavyofanyika hana haja ya kwenda mbali na masijala. Jalada la serikali hupanda kutoka chini. Ndani yake mtumishi wa chini huandika dokezo, yaani maelezo mafupi yanayoeleza suala lilivyo, kanuni inavyosema na yeye mwenyewe anavyopendekeza, na dokezo hilo hupita meza baada ya meza mpaka limfikie mkubwa, ambaye mara nyingi huandika neno moja, “Nakubali”, akaweka saini na tarehe. Mkubwa hutia saini. Mdogo ndiye huandika kinachotiwa saini. Sentensi hiyo ingefaa ibandikwe mahali pa yale mabango ya dira na dhima.

Wapo wanaopinga kwa kusema kwamba Kayamba alikuwa wa ukoo wa watawala, kana kwamba ukoo ulimpa ufunguo wa ofisi ya Bwana Shauri. Wapo wanaoudhika kwamba Waingereza walimpa nishani ya MBE na mwaka 1932 wakampandisha cheo na kumhamishia Dar es Salaam, kana kwamba kupandishwa cheo ni ushahidi wa kushindwa. Hoja wanayoipenda kuliko zote ni ile ya uhamisho: mdogo akijaribu, atahamishwa. Kwa hakika hata asiyejaribu huhamishwa. Tena ule mfano wao maarufu, Victor Mkello, kiongozi wa wafanyakazi wa mashamba ya mkonge aliyepelekwa Sumbawanga Januari 1963, hauwasaidii hata kidogo, kwa sababu wakati huo Mkello alikuwa mkubwa.

Haiwezekani kulimaliza suala hili bila kulitaja sanduku la maoni, kifaa kilichobuniwa ili mdogo aamini kwamba amesikilizwa. Katika ofisi moja sanduku hilo lina kofuli lililoota kutu, ufunguo wake uko kwa mtumishi aliyekwisha kustaafu, na tundu la kutumbukizia karatasi limezibwa na tangazo la semina ijayo, ambayo mada yake, kwa mujibu wa tangazo lenyewe, ni ushirikishwaji. Watumishi hupita mbele yake kila siku wakinung’unika kuhusu bosi. Hakuna aliyewahi kuuliza duka la vifaa linauza kofuli jipya kwa bei gani, wala aliyeandika dokezo la mistari 5 kuomba linunuliwe.

Karani wa Muheza anayeyasoma makala haya anajua ni jalada lipi limelala chini ya mengine mezani pake na limelala tangu lini. Na alifungue Jumatatu asubuhi, kabla ya chai ya saa nne, aandike dokezo.